Nairobi hadi Mombasa kwa gari yako mwenyewe: mwongozo kamili wa barabara, hatua kwa hatua

Hii ni ya mtu anayetaka kushuka Mombasa na gari yake mwenyewe, iwe saluni ndogo, iwe Probox, iwe gari kubwa ya familia, na hajazoea hiyo njia ama ameizoea kama abiria tu wa basi la usiku akiwa amelala. Wengi wakiuliza kuhusu barabara hii swali la kwanza ni "nitafika saa ngapi", na hapo ndo shida inaanzia, manake ukishajiwekea saa ya kufika unaanza kukimbizana na trela. Barabara yenyewe si mbaya, ni kama kilomita 480 hivi, lami iko sawa sehemu kubwa. Shida yake ni kwamba kuanzia Machakos Junction mpaka unakaribia pwani ni leni moja ya kwenda na moja ya kurudi, na kwa hiyo leni moja unagawana na malori yanayobeba mizigo ya bandari ya Mombasa kwenda Nairobi, Uganda, Rwanda, Kongo na Sudan Kusini, usiku na mchana. Kwa hivyo karibu kila kitu nitakachosema hapa kinarudi kwa jambo moja, kuovateki. Mtu akipanga safari vizuri hana haja ya kuovateki kwa presha, na mtu asiyeovateki kwa presha barabara hii anaimaliza salama.

Hatua ya 1: Gari, wiki moja kabla

Usingoje jioni ya kuondoka. Peleka gari kwa fundi wako wiki moja mapema, ndo kama kuna kitu kimebadilishwa upate siku kadhaa za kukijaribu hapa hapa mjini kabla hujakipeleka Tsavo.

Anza na tairi, tena anza nazo kwa ukali. Watu wanaangalia meno ya tairi tu, meno yakiwa marefu wanaridhika, lakini tairi inazeeka hata kama haijatembea. Angalia ubavuni mwa tairi utafute herufi DOT, mwishoni mwa zile namba kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, ukiona 2319 ujue ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi tairi ikishapita miaka 6 siendi nayo safari ndefu, hata ing'ae vipi, na kwa tairi za mitumba hapo ndo uangalie mara mbili. Joto la kati ya Mtito Andei na Mackinnon Road mchana, mzigo wa familia nyuma, na mwendo wa 100, tairi iliyokauka inapasuka. Upepo pima asubuhi tairi zikiwa baridi, weka ule ulioandikwa kwa ile stika iliyo kwa mlango wa dereva, usipunguze ati ndo gari itulie barabarani. Na speya nayo ipimwe, wengi wanafungua buti huko Kambu wanakuta speya haina upepo, jeki ipo lakini spana ya gurudumu haipo, ama rimu zina nati za kufuli na ufunguo wake umebaki nyumbani.

Baada ya tairi ni breki, kulanti, mkanda wa injini, waipa na taa. Taa angalia zote pamoja na za nyuma, mwambie mtu akanyage breki wewe usimame nyuma uone. Kioo cha mbele kioshe ndani na nje, manake asubuhi unaelekea kusini mashariki na jua linakuja usoni moja kwa moja, kioo chenye mafuta mafuta hutaona kitu.

Ndani ya gari weka hivi: zile pembetatu mbili za kung'aa, kizima moto, kisanduku cha huduma ya kwanza, tochi, jaketi ya kung'aa hata moja, maji ya kunywa lita 5 na mengine ya gari, na pesa taslimu kidogo hata kama una M-Pesa, manake mtandao katikati ya Tsavo unakatikakatika. Leseni na bima zisiwe zimekwisha. Na kila mtu awe na mkanda, hata walio nyuma, watoto pia. Mtoto kukaa mapajani mbele ni kitu naona kila likizo na kinaniuma sana, breki moja tu ya ghafla huwezi kumshika hata uwe na nguvu namna gani.

Hatua ya 2: Chagua siku na saa

Toka saa kumi na moja alfajiri, ikichelewa sana saa kumi na mbili. Ukitoka hapo unapita Mlolongo kabla haijachangamka, giza linaisha ukiwa Athi River ama Lukenya ambako bado barabara imegawanywa katikati, na ukianza leni moja pale Machakos Junction tayari kumekucha. Ukienda polepole na ukisimama vizuri unahesabu masaa 8 ama 9 pamoja na mapumziko. Kuna wa masaa 6, wacha waende.

Usiku usiendeshe. Najua wengi wanasema usiku kuko poa, hakuna jua, trafiki ni kidogo. Lakini usiku ndo lori imezimika katikati ya leni bila taa, ndo ndovu wanavuka, ndo dereva wa basi linalokuja mbele yako anasinzia, na wewe mwenyewe umefanya kazi kutwa nzima. Ukipatwa na giza Mtito lala Mtito, ukipatwa Voi lala Voi, vyumba viko vya bei zote.

Siku za kuepuka kama unaweza ni zile za kabla ya Krismasi, Ijumaa ya kuelekea Pasaka, na zile za kwanza kwanza za Januari watu wakirudi. Siku hizo msongamano unaweza kukaa masaa, na watu wakichoka kungoja wanatengeneza leni ya tatu na ya nne upande wa wanaokuja, mpaka barabara inajifunga kabisa hakuna anayeenda hakuna anayerudi.

Hatua ya 3: Kutoka Nairobi

Ukiwa upande wa Westlands ama katikati ya mji, ile Nairobi Expressway ya kulipia, yenye kilomita 27, inakutoa mpaka Mlolongo bila kugusa foleni ya chini. Ukiwa Lang'ata ama Ngong Road unafuata Southern Bypass, ukiwa upande wa Ruai na Utawala unafuata Eastern Bypass. Jaza mafuta kabla hujapita Athi River.

Mlolongo kuna mizani ya malori, kwa hivyo trela zinaingia na kutoka, kaa macho. Kuanzia Athi River unapanda Lukenya barabara ikiwa pana, leni mbili kila upande, na hapa ndo watu wanajisahau wanafungua gari mpaka 140. Pale Machakos Junction, ambako wenyeji wanapaita Kyumvi, upana unaisha. Ukiona alama za kubana, punguza mapema uingie kwa mstari, usiwe yule anayetaka kupita gari tatu za mwisho kabla leni haijaisha.

Hatua ya 4: Machakos Junction hadi Emali, hapa ndo kazi ilipo

Unapita Konza, Malili, Kiongwani, Salama, Sultan Hamud halafu Emali. Ni kama kilomita 70 na kitu, na kama ni mgeni wa barabara hii zichukulie kwa uzito kuliko zote zilizobaki. Kuna milima, kuna kona, kuna mabonde ambayo gari inayokuja inapotea kabisa machoni kisha inatokea ghafla, na malori yaliyobeba yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Pale Salama na Kiongwani watu wengi wamepoteza maisha miaka nenda miaka rudi, na mara nyingi hadithi ni ile ile, mtu amechoka kukaa nyuma ya trela akatoka.

Sasa tuifanye hesabu, manake watu wanaovateki kwa kukadiria na makadirio yao yako mbali na ukweli. Trela iko mwendo wa 60, wewe unaipita ukiwa 90. Tofauti yenu ni 30 tu, yaani kama mita 8 kwa sekunde. Trela ina urefu wa karibu mita 20, ongeza nafasi ya nyuma yake kabla hujatoka, ongeza nafasi ya mbele yake ndo urudi bila kuikata, ongeza urefu wa gari yako, inafika kama mita 65. Hiyo ni sekunde 8 uko upande usio wako. Kwa sekunde 8 ukiwa 90 unatembea mita 200, na basi linalokuja kwa 90 nalo linatembea mita 200 zake kuja kwako. Kwa hivyo unahitaji mita 400 zilizo wazi kabisa, bila hata akiba, na mimi ningesema usitoke kama huoni mita 600. Zikiwa trela mbili zimefuatana zimebana, mita 600 ndo inakuwa ile isiyo na akiba. Simama siku moja kwa barabara iliyonyooka uangalie mita 600 ni mbali namna gani, utashangaa.

Jinsi ya kufanya sasa. Usijibandike nyuma ya trela, ukijibandika huoni kitu mbele na unaanza kuchungulia chungulia ukivuka mstari. Rudi nyuma mpaka uone vioo vyake vyote viwili, hapo hata barabara ya mbele unaiona. Ikiwa mstari wa katikati haujakatika hutoki, hata kama mbele kunaonekana safi. Kwenye mlima kabla ya kilele hutoki. Kwenye daraja hutoki, kwenye kona hutoki. Ukiona pamenyooka, angalia kioo chako kwanza, manake nyuma yako kunaweza kuwa na shuttle tayari imeshatoka inakupita wewe na trela pamoja. Piga indiketa, teremsha gia ama kanyaga mafuta ukiwa bado upande wako ndo gari ipate nguvu, toka, pita, ukiona trela yote kwa kioo cha ndani rudi. Na ukiwa katikati ukaona gari inakuja na huna uhakika, breki, rudi nyuma ya trela. Usibishane na hesabu.

Kuna lugha ya barabara ambayo madereva wa malori wanaongea na ni vizuri uielewe. Trela iliyo mbele yako ikikupigia indiketa ya kushoto kwa kawaida anakuambia mbele kuko wazi, pita. Akipiga ya kulia anakuambia ngoja, kuna kitu kinakuja. Ni watu waungwana sana hawa, wanaona mbali kuliko wewe na wamesaidia wengi, lakini iamini nusu tu, manake indiketa ya kushoto inaweza pia kuwa anataka kuegesha, na yeye hajui gari yako ina nguvu gani. Ya kulia ndo uiamini yote. Ukishapita mpigie hazadi kidogo ama honi fupi ya asante. Gari inayokuja ikikupigia fuliti, zile taa za juu, mara mbili tatu mchana, kuna kitu mbele, ajali, wanyama ama maafisa wa trafiki, punguza. Ikikupigia mfululizo ukiwa umetoka kuovateki, anakuambia hakutoshi, rudi. Na ukikuta matawi ya miti yamelazwa kwa lami, moja, mbili, tatu, usiyapite tu hivi hivi, hayo ni lori imezimika mbele, pengine nyuma ya kona, na taniboi ndo ameyakata akayaweka. Punguza kabisa.

Na je, kama wewe uko upande wako, na basi ama lori inakuja imetoka kuovateki na haina mahali pa kurudi? Hii itatokea, iwe tayari kichwani. Toa mguu kwa mafuta, breki kwa mpangilio, sogea kushoto kabisa, kwa bega la barabara. Usikate usukani kwa nguvu. Sehemu nyingine ukingo wa lami umeliwa na kuna shuka ya ghafla, tairi za kushoto zikishuka usijaribu kurudi juu saa hiyo hiyo, hapo ndo gari inapinduka ama inarushwa upande wa pili. Shika usukani sawa, wacha mwendo upungue, ikishatulia ndo urudi polepole. Hasira ziache hapo hapo.

Mwendo wa sheria kwa gari ndogo kwa barabara ya leni moja moja ni 100, mabasi na malori 80, na ukiingia mji ni 50. Hii ya 50 ndo inawashika wengi, Salama, Sultan Hamud na Emali kuna matuta, kuna bodaboda wanaingia bila kuangalia, kuna watoto wa shule, na maafisa wa trafiki wenye zile kamera za mkononi. Punguza ukiona kibao cha jina la mji, usingoje tuta.

Hatua ya 5: Emali hadi Mtito Andei, pumzika

Baada ya Emali barabara inatulia, inanyooka, na asubuhi isiyo na mawingu Kilimanjaro unaiona upande wa kulia, wacha abiria waiangalie wewe uangalie mbele. Mbele kidogo Chyulu nazo zinaanza upande huo huo. Emali yenyewe ndo njia panda ya kwenda Loitokitok, na soko lake lina vitunguu na nyanya za bei nzuri lakini nunua ukirudi.

Simama Makindu, ni kama theluthi moja ya safari. Pale kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, wakati huo wengi wao walikuwa wafanyakazi wa reli, na mpaka leo linapokea msafiri yeyote wa dini yoyote, chakula bure, na hata mahali pa kulala papo. Utaratibu wake ni rahisi: unavua viatu, unafunika kichwa, vitambaa viko pale pale, hubebi nyama wala pombe wala sigara. Unakula kile unachopakuliwa bila kubakisha, unaosha mikono, ukitaka kutoa sadaka unatoa. Chapati, dengu, wali na chai, na kimya kile baada ya masaa matatu ya malori kinamrudishia dereva akili. Kama hutaki kuingia huko, kuna mikahawa na stesheni za mafuta zenye vyoo safi hapo Makindu, Kibwezi na Mtito.

Kuanzia Kibwezi kupita Kambu utaona akina mama wameweka maembe, machungwa na asali barabarani, kulingana na msimu. Ukitaka kununua toka nje ya lami kabisa, tairi zote nne, na mtoto asifungue mlango wa upande wa barabara.

Mtito Andei ni kama nusu ya safari. Hapa jaza mafuta hata kama tangi liko nusu, kwa sababu kilomita 95 hivi zinazofuata mpaka Voi unapita katikati ya mbuga na stesheni ni haba. Nyoosha miguu, angalia tairi kwa macho, gusa rimu kwa mgongo wa mkono kwa tahadhari, moja ikiwa ya moto sana kuliko zingine breki imeshika, tafuta fundi hapo hapo kabla hujaondoka.

Hatua ya 6: Tsavo, Mtito hadi Voi

Sasa Tsavo West iko kulia kwako na Tsavo East kushoto, mbuga zilizoanzishwa 1948, na wewe uko katikati. Reli ya SGR, ile iliyoanza kubeba abiria 2017, imeinuliwa juu ya tuta na ina mapito ya chini ya wanyama. Barabara ya lami haijainuliwa. Ndovu akishapita chini ya reli anakutana na wewe.

Ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa sababu ya udongo wanaojipaka, jioni ikiingia wanafanana kabisa na ardhi, taa ya gari haiwaonyeshi kwa urahisi na macho yao yako juu sana hayang'ari kama ya mbuzi. Kwa hivyo hata mchana, hapa weka 80. Ukiona mmoja amevuka usifikiri wameisha, nyuma kuna wengine na mara nyingi kuna mtoto. Simama mbali, washa hazadi, usipige honi, usishuke kupiga picha, usijaribu kupita katikati yao. Nyani nao wanakaa barabarani karibu na Mtito na Manyani kwa sababu watu wanawatupia ndizi na biskuti, tafadhali msiwatupie, wanakanyagwa sana na wanafundishwa kuvamia magari. Ukigonga mnyama mkubwa usishuke kumwangalia, sogea mbali, ripoti kwa polisi ama maafisa wa KWS, wale wa wanyamapori, kuna geti yao Manyani na Voi.

Utavuka mto Tsavo, hapo ndo simba wawili walisumbua wajenzi wa reli 1898 mpaka Patterson, aliyekuwa akisimamia ujenzi wa daraja hapo, alipowaua, na ngozi zao zilizojazwa ziko kwenye jumba la makumbusho la Field huko Chicago. Watoto wanapenda hiyo hadithi, ni nzuri ya kuwaondolea uchovu. Pia wanaweza kupenda kujua kwamba maji wanayokunywa watu wa Mombasa mengine yanatoka Mzima, chemchemi iliyo ndani ya hiyo Tsavo West, yanasafiri kwa bomba karibu njia hiyo hiyo mnayosafiri.

Hatua ya 7: Voi hadi Mariakani, usingizi

Voi kula chakula cha mchana, lakini chepesi. Baada ya Voi kuna Maungu, Buchuma, Mackinnon Road, Taru, Samburu, barabara imenyooka, joto ni kali, ni saa nane mchana na umeshiba. Hapa mtu analala macho wazi. Dalili zake ni hizi: hukumbuki kilomita chache zilizopita, unapiga miayo mfululizo, gari inagusa mstari wa pembeni unaishtua. Kufungua dirisha na kuongeza muziki hakusaidii, hata soda haitoshi. Badilishaneni dereva, ama ingia stesheni ya mafuta Maungu ama Mackinnon Road, funga milango, lala dakika 20, amka unawe uso. Wenye kuswali wana msikiti pale Mackinnon Road, kando ya reli, wenye kaburi la Sayyid Baghali, wasafiri wengi wanasimama hapo.

Endelea kuangalia mshale wa joto la injini. Ukipanda, zima eisi, washa hita hata kama ni joto, tafuta mahali salama uegeshe. Usifungue kifuniko cha redieta ikiwa moto, subiri nusu saa, ongeza maji taratibu mwishoni kabisa. Nimeona watu waliochomeka uso hapo.

Hatua ya 8: Mariakani na kuingia pwani

Mariakani kuna mizani nyingine na foleni ya trela, kaa kwa mstari wako. Hapa pia ndo unaamua unaelekea wapi, na wageni wengi hawajui wana chaguo. Ukiwa unaenda Kilifi, Watamu ama Malindi si lazima uingie Mombasa, pinda kushoto Mariakani ufuate Kaloleni utokee Mavueni karibu na Kilifi, lami yote. Ukiwa unaenda Diani, usiende kukaa kwa foleni ya feri Likoni, endelea mpaka upande wa Miritini uchukue barabara ya Dongo Kundu, inavuka kwa madaraja na kukutoa barabara ya Likoni kuelekea Ukunda. Wa Mombasa mjini, Nyali na Mtwapa ndo mnaendelea Mazeras, Jomvu, Changamwe mpaka Makupa.

Kuanzia Mazeras mnateremka, na mbele na nyuma yako kuna trela zilizobeba. Tumia gia ndogo, gari ya otomatiki weka 2 ama L, usishikilie breki njia nzima. Usikae katikati ya trela mbili zimekubana kwenye mteremko, jiachie nafasi. Kati ya Mariakani na Kwa Jomvu kumekuwa na kazi ya kupanua barabara, kwa hivyo tegemea vumbi, michepuko na matuta yasiyo na alama. Mazeras kuna madafu, na jioni viazi karai na mahamri, mshafika karibu, hamna haraka tena.

Kama kitu kimeharibika ama kuna ajali

Gari ikizimika, isukumeni nje ya lami kabisa kama inawezekana. Abiria wote watoke, wasogee mbali na barabara, wasikae ndani na wasikae mbele ya gari. Pembetatu moja weka hatua kama 50 nyuma, nyingine mbali zaidi, na kama kuna kona ama kilima iweke kabla ya kona, si baada. Ukitembea kwenda kuiweka angalia magari yanayokuja, usiyape mgongo.

Ajali ikitokea piga 999 ama 112. Zijue hospitali kwa vipande: Machakos Level 5 kwa upande wa Nairobi, Makindu hospitali ya kaunti ndogo kwa kati ya Emali na Mtito, Moi County Referral pale Voi kwa Tsavo, halafu Mariakani, na Coast General ukiwa karibu na Mombasa. Majeruhi wa shingo ama mgongo asivutwe kama gari haiwaki moto. Na lori la kubeba mafuta likianguka, ondoka, zima gari, wapeleke watu wako mbali, mwambie na mwenzako aondoke. Sachangwan karibu na Molo Januari 2009 walikufa watu zaidi ya 100 wakichota mafuta, na hiyo ni barabara hii hii ikiendelea baada ya Nairobi.

Kurudi

Kurudi si kule kule kwenda. Unapanda kutoka usawa wa bahari mpaka juu ya mita 1,600, kwa hivyo gari itakula mafuta zaidi na itapata joto mapema, hasa kile kipande cha Miritini hadi Mazeras ukiwa nyuma ya makontena. Toka Mombasa saa kumi na moja alfajiri, uwe Voi kabla jua halijawaka na upite Salama mchana. Ukichelewa kutoka, jua la jioni litakuwa usoni kwako kuanzia Emali, na Salama utaipita jua linazama, saa ambayo hata dereva mzuri haoni vizuri. Upime upepo wa tairi tena asubuhi hiyo, uongeze maji, na mzigo wa nazi na maembe uufunge chini kwa buti, usiuweke juu ya kile kirafu cha nyuma ya kiti, ukifunga breki unaruka mbele kwa vichwa vya watoto. Likizo ikiwa inaisha Jumatatu rudi Jumamosi, na kama huwezi, lala Voi ama Mtito ugawanye safari mara mbili.